Bodi ya rubidiamu kutoka Makoroboi, baada ya miezi saba mezani kwangu

Nianze na bei, maana ndiyo swali la kwanza ninaloulizwa: bodi shilingi 140,000, na bati la kupoozea joto shilingi 25,000 juu yake. Rubidiamu yenyewe, yaani kifaa kinachotoa wimbi sahihi la kupimia masafa kwa kufuata atomi za rubidiamu, unakuja nayo wewe. Fundi hauzi rubidiamu. Anatengeneza kile kinachoiunganisha na meza yako ya kazi, na bila hicho ulichonunua ni chuma kinachokula umeme tu.

Mimi natengeneza redio koli hapa Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Wateja wangu wengi ni wenye boti. Redio ya boti ikifika mezani, kazi mojawapo ni kuhakikisha inasema kwenye megahezi 156.800, chaneli 16, ile ya wito na ya dharura, na si pembeni yake. Hapo naitegemea mashine ya kupimia masafa, na mashine nayo inaitegemea kristali iliyomo ndani yake, kipande kidogo kinachotetema na kuipa mapigo ya kuhesabia. Mwaka juzi nilinunua mashine ya pili ya mtumba, nikaziweka pamoja, nikapima redio ileile. Zikapishana hezi 900. Nilikaa nazitazama muda mrefu. Miaka kumi nilikuwa nawarekebishia redio watu wanaokwenda Ukerewe na Kome usiku, na siku ile sikuweza kusema ni mashine ipi ilikuwa ikiniambia ukweli.

Ndipo nikaagiza FE-5680A iliyotumika. Ni kifaa cha kampuni ya Frequency Electronics ya New York, kina ukubwa wa daftari dogo na unene wa inchi moja hivi. Vilitumika kwenye mitambo ya mawasiliano ya simu, na mitambo ikibadilishwa vinatolewa na kuuzwa kwa bei ya chakavu. Binamu yangu alikipokea Dar es Salaam, akakifunga kwenye kitenge, kikapanda basi hadi Nyegezi.

Wengi wakisikia "saa ya atomi" wanaogopa, wanadhani ni mambo ya mionzi. Si hivyo. Koroboi, mnajua, ni taa ya kopo na utambi. Humu ndani nako moyo wa kazi ni taa, taa ndogo yenye mvuke wa rubidiamu. Mwanga wake unapita kwenye kichupa chenye mvuke wa rubidiamu pia, kisha unaangukia kwenye kipokea mwanga. Kichupa hicho kikipigwa kwa maikrowevu ya hezi 6,834,682,610 na ushee, mwanga unaofika ng'ambo unafifia kidogo. Huko kufifia ndiko kunakotafutwa. Saketi inaisukuma kristali huku na huku mpaka ipate mahali mwanga unapofifia kuliko pote, halafu inaishikilia hapohapo. Kinachotoka ni wimbi la megahezi 10 ambalo halifuati tena matakwa ya kristali, linafuata tabia ya atomi. Sekunde yenyewe, tangu 1967, imefasiriwa kwa atomi ya sesiamu, hezi 9,192,631,770. Rubidiamu ni ndugu yake mdogo, ina uchakavu kidogo wa taa na kichupa, lakini kwa kazi yangu inazidi mahitaji mara nyingi mno.

Shida inaanzia nyuma ya kifaa. Kuna kichwa cha pini 9, kama kile cha kompyuta za zamani, na kila kitu kinapita hapo: umeme, wimbi, na taarifa. Kwangu pini 1 inataka volti 15, pini 2 na 5 ni hasi, pini 3 inasema kama rubidiamu imeshika au bado, pini 4 inataka volti 5, pini 6 inatoa pigo moja kila sekunde, pini 7 ndiyo megahezi 10, na 8 na 9 ni za kuzungumza na kompyuta. Nasema "kwangu" kwa sababu vipo vyenye namba hiyohiyo ya FE-5680A vilivyofungwa waya tofauti. Usifuate mchoro wa mtu mwingine kabla hujapima cha kwako. Mwuzaji wangu aliniandikia kwamba kinahitaji volti 15 tu. Nikakipa volti 15, kikapata joto, na hakikutoa kitu. Wiki mbili niliamini nimetupa pesa ziwani. Kumbe kilikuwa kinasubiri zile volti 5 za pini 4.

Mteja mmoja wa Pasiansi ndiye aliyenielekeza kwa huyu kijana. Yuko ghorofani, mtaa wa Makoroboi, unapanda ngazi za zege katikati ya wauza vitenge na wauza chaja. Chumba ni kidogo, dirisha moja, beseni la plastiki lenye ferikloraidi, ile dawa inayokula shaba, limefunikwa kwa sahani, na pasi ya kunyooshea nguo ambayo haijawahi kunyoosha nguo. Bodi anazichora kwenye kompyuta, anachapa kwenye karatasi inayong'aa, anaipiga pasi juu ya shaba, kisha anazamisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa unaweza kunitengenezea bodi ya hiki."

Alikigeuza, akasoma kibandiko, akaniuliza jambo moja lililonifanya nimwamini: "Mama, umeshapima pini ya tatu ikiwa baridi na ikiwa ya moto?" Sikuwa nimepima. Akaniambia nikiache kwake siku tatu kwanza, akipime, ndipo atachora. Fundi wengi wangechora siku ileile.

Bodi aliyonipa ni ya upande mmoja, urefu kama kiganja. Umeme unaingia kutoka chaja ya kompyuta mpakato ya volti 19, zile zinazouzwa mtaani kila kona, na hilo ni wazo zuri kwa sababu chaja ikifa Mwanza hukosi nyingine. Volti 19 zinapita kwenye regyuleta, kifaa cha kushusha na kutuliza volti, aina ya LM350, ya ampea 3, ikisaidiwa na rezista za ohm 240 na ohm 2,700, na zinazotoka nilizipima zikawa 15.4. Regyuleta 7805 inachukua hizo na kutoa volti 5. Angeweza kutumia vile vibodi vidogo vya kushusha volti vinavyouzwa rahisi, vinavyowasha na kuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Vinapata joto kidogo, ndiyo, lakini vinatia uchafu kwenye wimbi, na mtu anayenunua rubidiamu ananunua usafi wa wimbi. Alikataa kuvitumia hata nilipomwambia vingepunguza bei. Alifanya vizuri kukataa.

Gharama ya uamuzi huo ni joto, na joto nataka tulizungumze kwa makini kwa sababu tuko Mwanza na paa langu ni la bati. Ukiwasha, rubidiamu inavuta ampea 1.8 hivi ili ipashe taa na vichupa vyake. Wakati huo LM350 peke yake inachoma karibu wati 7. Baada ya dakika nne au tano inatulia kwenye ampea 0.8, na regyuleta inabaki na wati 3. Kifaa chenyewe nacho kinabaki kikila wati 12 usiku na mchana, na zote zinageuka joto. Fundi alikata bati la alumini la milimita 5, akatoboa matundu yanayolingana na skrubu za chini ya kifaa, akapaka ile dawa nyeupe ya prosesa inayopitisha joto, akafunga. Siku za kwanza nilikitumia bila bati, nikawa siwezi kuweka kiganja juu yake zaidi ya kuhesabu tano. Kikiwa na bati, saa nane mchana ya Oktoba, mkono unakaa. Hizo shilingi 25,000 usizikwepe.

Sasa kosa. Bodi ya kwanza niliichukua Jumamosi, nikaiunganisha jioni. Nikawasha, na taa ya kijani ikawaka papo hapo. Nikafurahi. Dakika ya nne ikazimika. Nikazima, nikasubiri, nikawasha tena: kijani papo hapo, dakika ya nne giza. Nilidhani taa ya rubidiamu inakufa, kwamba inashika ikiwa baridi na kuachia ikipata moto, na usiku ule sikulala vizuri.

Jumapili nikachukua mita nikapima pini 3 mwenyewe. Ikiwa baridi ilionyesha karibu volti 5. Dakika ya nne ikashuka karibu na sifuri. Kwenye kifaa hiki pini 3 iko juu wakati rubidiamu bado inatafuta, na inashuka ikishashika. Fundi alikuwa ameweka transista moja ya NPN kati ya pini na taa, na transista hiyo inawasha taa pini ikiwa juu. Kwa hiyo taa yangu ya kijani ilikuwa inasema "bado" kwa rangi ya "tayari". Alikuwa ameipima pini, lakini alipochora akaichanganya.

Jumatatu nilipanda zile ngazi. Hakubishana. Alishika bodi, akatazama, akasema, "Samahani sana mama, hili ni langu," akatoa kiti, akaanza kulehemu nikiwa nimekaa pale. Transista ya NPN aliiacha lakini akaihamishia kwenye taa nyekundu. Kwa ya kijani akaweka ya PNP, inayowaka pini ikishuka. Nikamwomba nyongeza moja, rezista ya kilo-ohm 10 kutoka pini 3 kwenda volti 5, ili waya ukichomoka taa nyekundu iwake, kijani isidanganye. Akanitazama, akaiweka, na sasa anaiweka kwenye kila bodi. Hakunitoza hata shilingi. Nyota zote ninazompa kwa huduma zimetoka kwenye dakika hizo arobaini.

Wimbi la megahezi 10 linatoka kifaani likiwa laini na dogo, nusu volti hivi. Mashine zangu za zamani zinataka wimbi la mraba lenye nguvu zaidi. Bodi ina chipu ya 74HC04 inayolikuza na kulipa kingo, kisha inaligawa kwenye matundu matatu ya kebo, aina ya BNC, kila moja na rezista yake ya ohm 47 ili kebo moja ikichomolewa nyingine zisitikisike. Nilijaribu: nikiwa natazama osiloskopu, mashine inayochora wimbi kwenye skrini, kwenye tundu la kwanza, nikachomoa na kuchomeka la tatu mara kadhaa. Mstari haukusogea.

Jaribio kubwa lilikuwa la usiku. Nilichukua pigo la kila sekunde la pini 6 na pigo la kila sekunde la kipokezi kidogo cha GPS nilichokiweka dirishani, nikayaweka yote mawili kwenye osiloskopu. Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa nane na kila kitu kikaanza upya, kwa hiyo usiku wa pili niliweka vyote kwenye betri ya sola. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi mapigo mawili yalikuwa yameachana maikrosekunde 2. Sekunde 43,200, maikrosekunde 2: ni kosa la sehemu moja katika bilioni 21 na kitu. Kwenye chaneli 16 hiyo haifiki hata sehemu ya mia ya hezi. Nikazipima upya zile mashine mbili. Ya zamani ilikuwa inasoma hezi 700 juu, ya mtumba hezi 200 chini. Nilifungua daftari la wateja nikaanza kuwapigia simu wenye boti, mmoja mmoja, walete redio nizipime tena bure. Walioleta mpaka sasa ni kumi na saba.

Kuna atakayeuliza, kwa nini nisitumie hiyo GPS moja kwa moja? Ni swali la haki. Pigo la GPS halipotoki kwa miezi na miaka, ila kwa sekunde moja moja linacheza makumi ya nanosekunde, na mimi napima redio kwa sekunde chache tu. Rubidiamu imetulia katika muda huo mfupi. Kama bajeti yako ni ndogo na una nafasi ya antena yenye anga wazi, kristali inayorekebishwa na GPS itakutosha. Kwangu mawe ya mlimani yanakula nusu ya anga.

Bodi ya pili aliyonitengenezea ni ya mapenzi zaidi kuliko kazi, shilingi 60,000, lakini naileta hapa kwa sababu inaonyesha rubidiamu inaweza kufanya nini. Tangu 2019 kuna sehemu ya setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyoachiwa waendeshaji wa redio wa ridhaa, wanaozungumza hewani kwa mapenzi tu. Wao wanaiita QO-100. Imesimama juu ya ikweta kwenye nyuzi 25.9 mashariki. Sisi Mwanza tuko karibu nyuzi 33, kwa hiyo kwetu iko karibu utosini, nyuzi 81 kutoka upeo, imeinama magharibi kidogo. Dishi langu la futi 6 limekaa kama bakuli linalongoja uji, na mvua za masika zililijaza mpaka nikatoboa tundu katikati.

Sauti zinashuka kwenye megahezi 10,489 na nusu. Kichwa cha dishi kina kristali ya megahezi 25 inayozidishwa mara 390 kupata 9,750, hivyo kristali ikikosea hezi moja, mimi nakosea hezi 390. Mchana jua likipiga kichwa kile, sauti ya mtu ilikuwa inapanda kama ya mtoto, kisha inapotea kabisa, na mkono hautoki kwenye kitufe cha kutafutia. Fundi aliing'oa kristali ile, akaweka tundu dogo la kebo, na bodi yake inachukua megahezi 10 za rubidiamu na kuzigeuza 25 kwa chipu ya Si5351C. Nikatafuta alama ya katikati, ishara isiyohama, 10,489.750, nikaiweka kwenye skrini saa nne asubuhi. Nikaenda kazini. Niliporudi saa kumi jioni, jua limepiga siku nzima, mstari ulikuwa palepale. Nilimwita mwanangu aje aone.

Yanayoniudhi. Alisema siku kumi, ikawa wiki tano, na katika wiki hizo nilisikia "njoo kesho" mara nne. Ukimpa kazi, mpe na muda. Bodi haina fyuzi, niliongeza mwenyewe ya ampea 3, na hiyo ingepaswa kuwepo tangu mwanzo. Pini 8 na 9 hakuziunganisha, hivyo siwezi kukisogeza kifaa kwa kompyuta ili kufuta ule mkengeuko mdogo. Nimemwomba kwa ajili ya toleo lijalo na amekubali. Maandishi ya viunganishi ameandika kwa kalamu ya wino, yameshaanza kufutika, na anayechanganya 15 na 5 hapo atakiunguza kifaa.

Ukienda, nenda asubuhi, mchana chumba kinachemka. Beba rubidiamu yako yenyewe, usibebe picha yake, na kibandiko cha nyuma usikibandue. Mwombe apime pini 3 mbele yako, ikiwa baridi na ikiwa ya moto, na uandike namba hizo kwenye daftari lako kabla hajawasha pasi.